Soko la Krismasi Tangamano: nenda na kikapu, theluji waachie wenyewe

Nianze na bei, maana kila niliyemwambia nimekwenda ameniuliza hilo kwanza. Kiingilio ni shilingi 2,000 kwa mtu mzima, watoto wadogo bure. Mlangoni unapewa kikaratasi. Usikitupe, kwenye banda la kahawa kinakupunguzia 500. Kadi ya benki isahau. Pesa ya simu wanapokea wengi, ila ikifika saa mbili usiku watu wakishajaa mtandao unakwama, na hapo kila mtu anageukia noti. Beba noti ndogo ndogo, wauzaji hawana chenji.

Ni soko la wazi, viwanja vya Tangamano hapa Tanga mjini, wiki ya kuelekea Krismasi, kuanzia alasiri hadi saa tano usiku. Waandaaji walitangaza kuwa litakuwa kama yale ya Ulaya, na kweli wamejitahidi kuiga. Vibanda ni vya mbao, paa za kitambaa cha mistari myekundu na myeupe, taa zimetandwa kutoka nguzo hadi nguzo, na juu ya kila paa wamebandika pamba eti theluji. Theluji Tanga! Kwa vumbi la uwanja na upepo wa kaskazi, pamba ilishageuka rangi ya chai ya maziwa, na vipande vyake vilikuwa vinaangukia kwenye karai za watu.

Nilikwenda na wifi yangu ambaye ameishi Hamburg miaka mingi. Alisimama pale mlangoni akatazama juu, akasema, "Wifi, mistari hii ni ya soko la Krismasi la Nuremberg kule Ujerumani, lakini pamba ni ya duka la dawa."

Ndiye aliyenieleza kwa nini kuiga huku hakukai sawa. Masoko hayo ya Wajerumani ni ya zamani sana, la Dresden linahesabiwa tangu 1434, na yalikua kutokana na baridi na giza. Hamburg mwezi wa Desemba jua linazama kwenye saa kumi jioni. Watu wakitoka kazini wanakusanyika uwanjani mbele ya ukumbi wa jiji, kila mmoja ameshika kikombe cha mvinyo uliochemshwa na mdalasini na karafuu, shida yao kubwa ikiwa ni vidole kuganda. Sisi jua letu linazama saa kumi na mbili na nusu na joto linabaki pale pale. Anayetoka nyumbani usiku Tanga anatafuta upepo. Kwa hiyo lile banda lililokuwa linauza rozela ya moto yenye viungo lilikaa bila mteja hadi kijana mwenyewe alipopata akili ya kuleta barafu. Baada ya hapo ilikuwa foleni. Nilikunywa, ni tamu kweli, shilingi 1,500, na kikombe ni cha bati: unaweka 2,000 ya dhamana, ukirudisha kikombe unarudishiwa pesa. Wifi anasema na huko Ujerumani ndivyo wanavyofanya. Hili la kuiga nalisifu, uwanja haukuwa na takataka za vikombe vya plastiki.

Kilichonifurahisha zaidi ni upande wa nyuma, ambako wengi hawafiki kwa sababu waandaaji wameweka bembea na picha za Baba Krismasi mbele. Huko nyuma ndiko wapo watu wa Lushoto na Muheza. Banda moja lilikuwa na jibini na mkate wa nafaka ya rai kutoka shamba la Irente, Lushoto, jibini limehifadhiwa kwenye deli la barafu na muuzaji analikata kwa kisu cha jikoni, anakuonjesha bila kununa. Jirani yake makadamia na mvinyo wa watawa wa Kibenediktini wa Sakharani, kule karibu na Soni. Nimezaliwa mkoa huu na sijawahi kuviona vitu hivi vyote mahali pamoja mjini; kwa kawaida mpaka upande mwenyewe mlimani, ukate kona zote zile za Mombo, ndiyo uvipate. Bei ilikuwa juu kidogo kuliko huko huko, lakini ukitoa nauli bado una faida.

Viungo vilikuwa vya bibi mmoja kutoka upande wa Amani. Nilimwamkia, akaitika, akanishika mkono moja kwa moja. "Marahaba mwanangu, njoo unuse, kunusa siuzi." Iliki, mdalasini wa magome marefu, pilipili manga, karafuu, vyote vimefungwa kwenye karatasi kwa mafungu ya elfu moja. Wifi alikaa pale muda mrefu kuliko banda lolote. Alikuwa anakumbuka vijichupa vya mdalasini alivyokuwa akinunua Hamburg kwa bei ya kilo ya hapa. Alichukua mafungu mengi hadi bibi akaanza kumwongezea bila kuombwa.

Halafu katani. Hapa ndipo soko linapojitofautisha na jingine lolote, na sielewi kwa nini banda hili halikuwekwa mlangoni. Kikundi cha akina mama wanasuka nyota, malaika, kengele na vikapu kwa nyuzi za mkonge, nyingine wamezitia rangi, nyingine wameziacha na weupe wake. Nyota ya kutundika 3,000, kikapu cha wastani 15,000. Mmoja wao, akisuka huku anaongea, huwapa wateja historia: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ikapitia Hamburg, na iliyofika hai ikapandwa huku ilikuwa 62 tu. Kwenye hiyo 62 ndiko yametokea mashamba yote yaliyoulisha mji huu. Wifi aliposikia Hamburg alinunua nyota kumi za kuwapelekea majirani zake. Mimi nilichukua kikapu, na naandika haya kikiwa tayari kimeshabeba viazi vya sokoni Mgandini bila kulegea.

Baba Krismasi naye ana ndevu za katani. Wazo zuri kupita yote, sijui ni la nani. Mtu mwenyewe alikuwa amevaa koti zito jekundu, feni imeelekezwa usoni, na kila feni ikigeuka ndevu zinapepea upande mmoja. Mwanangu wa mwisho alikataa kumkaribia, wa kwanza akamuuliza kama ndevu zinawasha. "Zinawasha sana," akajibu kwa dhati kabisa. Picha 3,000, wanakutumia kwenye simu papo hapo.

Chakula ni cha Tanga, basi sihitaji kusema mengi. Mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, bajia za kunde, mishkaki, pweza wa kuchoma, katlesi, vitumbua, kahawa na kashata. Wapishi wengi ni akina mama wa Kiislamu wa Ngamiani, na biashara ya Krismasi wanaifanya kwa bidii ile ile ya usiku wa Ramadhani. Pweza nenda banda la mwisho kulia, anamkata mdogo mdogo na hampigi chumvi ovyo. Soseji ndefu ya Kijerumani, ambayo ndiyo imewekewa bango kubwa, iruke. Niliinunua kwa 6,000 ikaja imepoa ndani ya mkate wa jana, wifi akaigusa kwa uma akarudisha uma mezani.

Muziki ulikuwa nusu kwa nusu. Bendi ya matarumbeta ya vijana wa Kilutheri ilipiga nyimbo za kuzaliwa kwa Bwana hadi watu wakaacha kununua wakasimama kusikiliza. Adhana ya isha ilipoanza wakashusha ala wenyewe bila kuambiwa, wakapangusa jasho, ikaisha wakaendelea. Lakini wakipumzika bendi, kijana wa muziki anarudia kengele zile zile za Kizungu kwa sauti ya kupasua masikio. Mji huu ndio uliozaa vikundi vya Black Star na Lucky Star, taarabu ya hapa imeimbwa pwani nzima, na hakuna hata usiku mmoja waliofikiria kuweka kikundi cha taarabu pale jukwaani? Jenereta nalo wameliweka nyuma ya jukwaa, moshi wote unawaendea waimbaji.

Vyoo ni tatizo la kweli. Ni vichache kwa umati ule, na maji yaliisha mapema. Ukiwa na watoto wapeleke kabla hamjatoka nyumbani. Waandaaji niliwaambia pale pale, wakaahidi kuleta boza. Hadi tunaondoka halikuja. Taa za mapambo za kutoka China pia usinunue ndani, nilikuta zile zile kwenye duka la Ngamiani kwa karibu nusu ya bei.

Siku ya kwenda? Ujerumani masoko mengi yanakuwa yamefungwa au yanafunga mchana ifikapo tarehe 24. Kwetu ni kinyume, tarehe 24 ndiyo kila mtu anakumbuka kuku, nguo za watoto na zawadi ya mama mkwe, na kupita katikati ya vibanda ni kusukumana. Ukitaka kuonja na kuongea na wauzaji nenda siku mbili tatu kabla, ingia baada ya magharibi upepo ukishaanza. Anza nyuma, urudi mbele mwishoni. Watu wa jibini hufungasha kwenye saa tatu, barafu yao ikiisha.

Usafiri wa kurudi: bajaji zinazosubiri mlangoni zinataka 5,000 hadi Sahare. Tembea kidogo hadi barabara kubwa utapata kwa 3,000. Ila wakiona kikapu kimejaa hawashuki bei, kwa hiyo mmoja wenu atangulie mikono mitupu akaelewane na dereva.