Yamaha YZ85: kabla hujanunua, na baada ya kuinunua

Kwa mtoto aliyezidi pikipiki ya cc 65 na bado hajafikia ya cc 125, Yamaha YZ85, pikipiki ya motokrosi (mbio za njia za vumbi), ndiyo ningeiweka mbele, hasa pale mzazi anapotaka kuifungua na kuifunga mwenyewe uani. Injini ni ya mipigo miwili, cc 84.7, kipenyo cha silinda mm 47.5, gia sita, na kabureta ya Keihin ya mm 28. Haina betri wala stata, inapigwa kiki. Fundi wa bodaboda akiitazama ataona vitu anavyovijua, na hapo ndipo matatizo mengi yanapoanzia, kwa sababu kuna vitu vinavyofanana na vya bodaboda lakini havitengenezwi kwa namna ileile.

Silinda ndiyo ya kwanza. Ya bodaboda kwa kawaida ina koti la chuma ndani. Ikilika inachongwa, inawekwa pistoni ya saizi inayofuata, na safari inaendelea. Ya YZ85 ni alumini iliyopakwa tabaka jembamba gumu sana. Ukiipeleka kuchongwa, tabaka hilo linaondoka na ringi zinabaki zikisugua alumini tupu. Silinda hiyo imekufa. Dawa ni kuipaka upya katika karakana maalumu, ambazo kwetu si rahisi kuzipata, au kununua nyingine. Kwa hiyo ukifungua, pitisha ukucha ukutani polepole kutoka juu hadi chini. Ukucha ukiteleza kote, uko salama. Ukinasa, angalia vizuri: mara nyingine ni alumini ya pistoni iliyoganda juu ya tabaka, na hiyo hutoka kwa kusuguliwa kwa mkono na pedi laini. Ikiwa ni mfereji ulioingia ndani, usijidanganye kwamba pistoni mpya itauziba.

La pili ni kabureta, na hili linawahusu sana watu wa Afrika Mashariki. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam kwa asilimia 15 hivi. Pikipiki iliyopangiwa pwani ikipandishwa Nairobi inakula petroli nyingi kuliko hewa: inakohoa ukivuta aksileta, plagi inalowa na kuwa nyeusi, nguvu inapungua. Inaudhi lakini haiui. Kinachoua ni safari ya kurudi. Jeti kubwa (tundu la kabureta linalopima petroli) iliyopunguzwa kwa ajili ya Nairobi ikishuka nayo pwani bila kubadilishwa, petroli inakuwa haba kwa hewa ile nzito, joto linapanda juu ya pistoni, na katika mnyoosho mrefu wa kwanza pistoni inakwama au inatoboka. Jeti ni kipande kidogo cha shaba cha bei ndogo. Nunua saizi mbili juu na mbili chini ya ile iliyomo, na uziweke kwenye kisanduku cha spana.

Kujua kama jeti inafaa, weka plagi mpya (NGK BR10EG, pengo mm 0.5 hadi 0.6), pasha injini moto, vuta aksileta yote kwenye gia ya juu kwa sekunde kadhaa, kisha kwa mpigo mmoja kamata klachi na uzime. Fungua plagi. Kauri ikiwa na rangi ya karanga iliyokaangwa, iache. Ikiwa nyeupe kama chaki, ongeza jeti kabla mtoto hajapanda tena. Ikiwa nyeusi yenye mafuta, punguza saizi moja moja, usiruke.

Mchanganyiko wa oili: Yamaha inataka sehemu 30 za petroli kwa 1 ya oili. Tangi la lita 5 linahitaji mililita 167, na zipimwe kwa kikombe chenye alama, si kwa kifuniko cha chupa. Wengine huongeza oili wakidhani wanailinda injini. Oili ikizidi, petroli katika kila tone linalopita kwenye jeti inapungua, kwa hiyo unapeleka injini kulekule kwenye uhaba. Na kwa walio pwani: oili ya injini za boti yenye alama TC-W3, ile inayouzwa kwa wavuvi, isitumike humu. Imetengenezwa kwa injini inayopozwa na maji ya bahari, na haihimili joto la pistoni ya motokrosi. Tafuta chupa yenye alama JASO FD. Kwenye sanduku la gia inaingia oili tofauti kabisa, nusu lita ya 10W-40 ya pikipiki yenye alama JASO MA. Oili za magari zenye viongezi vya utelezi huifanya klachi iteleze.

Vumbi jekundu ndilo linalomaliza ringi. Kichujio cha hewa ni cha sponji, na kinaoshwa kila siku ya kupanda. Kioshe kwanza kwa mafuta ya taa, kisha maji ya uvuguvugu na sabuni, kikamue bila kukisokota, kikauke kivulini, halafu kipake oili ya vichujio hadi rangi ienee sawasawa. Petroli inalegeza gundi ya maungio, iache. Paka grisi ukingoni mahali kinapokaa. Kabla ya kukirudisha, futa ndani ya mpira unaoingiza hewa kwa kitambaa cheupe; kikitoka na wekundu, vumbi tayari linapita, na hapo swali ni ringi zimeshakula kiasi gani.

Saa za injini zihesabiwe. Kamita kadogo ka saa kanakozungushiwa waya kwenye waya wa plagi kanatosha. Kwa anayeshindana, badilisha pistoni na ringi kila saa 20 hivi. Kwa mazoezi mepesi unaweza kufika 30. Pima mgandamizo injini ikiwa mpya, andika namba, na ikishuka kwa asilimia 15, fungua bila kungoja saa zitimie.

Kazi yenyewe ni ya alasiri moja. Mwaga maji ya rejeta, ondoa siti, tangi, bomba la moshi na kabureta, kisha kichwa cha silinda, kisha silinda. Ziba mdomo wa krenki kwa kitambaa safi kabla hujagusa klipu za pini ya pistoni, kwa sababu klipu ikidondokea ndani utapasua injini yote kuitafuta. Klipu za zamani hazirudishwi hata zikionekana nzima. Mshale wa pistoni uelekee kwenye bomba la moshi, na ncha za ringi zikumbatie kipini kidogo kilicho ndani ya mfereji wake. Ukiikosea, ringi inavunjika siku hiyohiyo. Beringi ya pini ipakwe oili. Gasketi zote mpya. Nati za kichwa zikazwe kwa kupishana, kwa spana ya kupimia nguvu.

Aksileta ikiachiwa na injini ikaendelea kulia juu badala ya kushuka, usikimbilie kabureta. Mara nyingi ni sili ya krenki upande wa kushoto, nyuma ya sumaku, inayoingiza hewa. Sili ya upande wa klachi ikichoka dalili ni nyingine: moshi mweupe mzito, na oili ya gia inapungua bila kuonekana inakovujia.

Fremu, breki na foku hazina usumbufu wa ajabu. Angalia spoku kila baada ya kupanda magurudumu yakiwa mapya, na usikaze cheni kama kamba ya gitaa, kwani inaumiza beringi za gia.

Kuhusu mwaka wa kuchagua: kuanzia toleo la 2019 silinda ilipewa vali kwenye tundu la moshi, inayofunguka kadiri mzunguko unavyopanda. Nguvu ya mzunguko wa chini ni bora waziwazi na mtoto mdogo hahitaji kuishika klachi kila kona. Gharama yake ni kusafisha masizi ya vali kila unapobadilisha pistoni. Za kabla ya hapo, zilizoanza 2002, ni ngumu zaidi kuendesha na nyepesi zaidi kutengeneza.

Ukienda kuangalia iliyotumika, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa injini: iwe baridi. Ipige kiki mwenyewe. Kisha toa kifuniko cha sumaku, shika gurudumu lake na ulivute juu na chini. Ukisikia hata mchezo mdogo, beringi za krenki zimekwisha, na bei hiyo uliyotajiwa ipunguzwe gharama ya kupasua injini nzima.