Joseph Smith Papers: kupima kashfa za Nauvoo kwa karatasi zenyewe

Fungua shajara ya Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa la Wamormoni aliyeishi na wafuasi wake katika mji wa Nauvoo, tarehe 5 Oktoba 1843. Karani wake, Willard Richards, ameandika kwamba Joseph ameagiza wanaohubiri au kufundisha mambo ya wake wengi washtakiwe. Joseph anakataza, na hakuna mwanamume atakayekuwa na mke zaidi ya mmoja. Sasa fungua historia ya kanisa, juzuu E-1, tarehe ileile. Hapo Joseph anazungumza mwenyewe kwa "mimi", na katazo limeota mkia: funguo za mamlaka hayo huwa kwa mtu mmoja tu duniani, naye ndiye anazo, na mume atakuwa na mke mmoja kwa wakati mmoja, isipokuwa Bwana akielekeza vinginevyo. Historia hiyo ilipoandikwa, Joseph alikuwa ameshauawa. "Mimi" ile imewekwa na makarani.

Kuziweka kurasa hizo mbili pamoja kwenye tovuti ya josephsmithpapers.org ni kazi ya dakika chache. Hulipi, hujisajili, huombi ruhusa ya mtu. Kwa yeyote anayetaka kujua viongozi wa kwanza wa Wamormoni walishtakiwa nini, walikana nini na waliandika nini wakiwa faraghani, hiki ndicho chombo bora kilichopo. Kina mapungufu, na mengine ni makubwa, lakini kwanza tuseme ni kitu gani.

Mwenye tovuti ni kanisa lenyewe, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, kupitia kitengo chake cha uchapishaji wa historia kilichoko Salt Lake City. Juzuu ya kwanza ya karatasi ilitoka 2008, ya mwisho 2023, zote 27. Shajara zimechukua juzuu tatu na nyaraka za mfululizo wa tarehe juzuu 15; zilizobaki ni mafunuo na tafsiri, historia, na kumbukumbu za Baraza la Hamsini, baraza la siri aliloliunda Joseph, ambazo kwa miongo mingi zilifungiwa hadi zilipochapishwa 2016. Nyaraka za mahakama na za fedha hazikupewa juzuu za karatasi. Zipo mtandaoni tu. Kwa hiyo anayenunua vitabu akidhani amepata kila kitu anakosa upande wa kesi na madeni, na kwenye kashfa huo ndio upande wenye nyama.

Kila waraka una sehemu nne: maelezo ya chanzo, utangulizi wa kihistoria, nakala iliyochapwa upya, na picha ya karatasi yenyewe. Wengi hukimbilia nakala. Anza na maelezo ya chanzo. Hapo ndipo unaambiwa mwandiko ni wa nani, uliandikwa lini, karatasi ilikaa mikononi mwa nani, na kama unachosoma ni cha asili au ni nakala ya nakala. Nakala zenyewe tunaziamini bila wasiwasi. Kila moja imehakikiwa mara tatu, ya mwisho ikilinganishwa na karatasi ya asili. Yaliyofutwa yameachwa yakiwa na mstari juu yake, yaliyochomekwa yamewekewa alama, na herufi isiyosomeka imewekewa umbo la almasi badala ya kubahatishwa. Hata hati mkato aliyotumia Richards hapa na pale imefafanuliwa.

Thamani ya tovuti hii inaonekana vizuri zaidi ukifungua nyaraka tatu za mwaka 1842 kwa pamoja, kila moja kwenye dirisha lake.

Ya kwanza ni ufunuo wa tarehe 27 Julai, uliotolewa kwa Newel K. Whitney, askofu wa Nauvoo, Illinois. Una maneno ambayo Whitney aliambiwa ayatamke akimwoza binti yake, Sarah Ann, kwa Joseph. Ya pili ni barua ya Joseph ya tarehe 18 Agosti, aliyoiandika akiwa mafichoni, akijificha maofisa waliotaka kumpeleka Missouri. Anawaomba Whitney, mkewe Elizabeth Ann na mtu wa tatu ambaye hakutajwa jina waje kumwona usiku. Anawatahadharisha waangalie Emma, mke wake halali, asiwepo, kwa maana akija yeye hapatakuwa na usalama, na anawaagiza wakishaisoma waichome. Hawakuichoma. Ya tatu ni toleo la gazeti la Times and Seasons la tarehe 1 Oktoba, wakati Joseph mwenyewe ndiye mhariri. Humo wanaume 12 na wanawake 19 wametia sahihi kwamba hawajui kanuni yoyote ya ndoa zaidi ya ile iliyochapishwa katika Mafundisho na Maagano, kitabu cha mafunuo cha kanisa, yaani mume mmoja na mke mmoja, na kwamba "mfumo wa wake wa siri" ni uzushi wa John C. Bennett, meya wa zamani aliyetengwa na kanisa mwaka huohuo.

Soma majina ya waliotia sahihi. Newel K. Whitney yumo. Elizabeth Ann Whitney yumo. Eliza R. Snow, katibu wa Muungano wa Usaidizi, chama cha wanawake wa kanisa, yumo, naye alikuwa ameolewa na Joseph tangu tarehe 29 Juni.

Hakuna kitabu cha mpinzani wala cha mtetezi kinachoweza kusema jambo hili kwa uzito unaolingana na karatasi hizo tatu. Watetezi husema walikana mfumo wa Bennett, si ndoa iliyoamriwa na Mungu. Hoja hiyo ipo, ina wanaoiamini kwa dhati, na msomaji aipime huku tangazo likiwa mbele yake. Kwetu sisi, tangazo lililowekwa mbele ya umma ili watu waamini jambo ambalo watia sahihi walijua si kweli ni udanganyifu, hata maneno yake yakichaguliwa kwa uangalifu. Na walioumia zaidi walikuwa wanawake. Bila sahihi zao tangazo lisingeaminika, na bila ukimya wao ndoa zisingefichika.

Kwa kashfa ya zamani zaidi, ile ya Fanny Alger, binti aliyedaiwa kuwa na uhusiano na Joseph huko Kirtland, Ohio, nenda kwenye kitabu cha kumbukumbu za vikao namba 2, kikao cha tarehe 12 Aprili 1838 huko Far West, Missouri. Anayehukumiwa ni Oliver Cowdery, aliyekuwa msaidizi wa karibu kabisa wa Joseph. Mashtaka ni tisa. La pili ni kumchafulia Joseph jina kwa kudokeza uongo kwamba alizini. Mashahidi wanaeleza Cowdery alivyojibu kwa ishara: mmoja anasema aligeuka kwa kisigino, mwingine anasema alikonyeza jicho kama mtu anayejua. Kisha Joseph anasimama, anasema Cowdery alikuwa rafiki yake wa moyoni aliyemwamini kwa mambo mengi, halafu anaeleza habari ya yule binti. Alisema nini? Karani hakuandika. Ameweka sentensi moja tu kwamba ameeleza. Cowdery alitengwa siku hiyohiyo. Barua yake kwa nduguye Warren ya tarehe 21 Januari 1838, anakoliita jambo hilo chafu kwa maneno matatu mfululizo, haimo kwenye mkusanyo kama waraka kamili, maana si ya Joseph. Nakala yake imehifadhiwa Huntington Library, California. Kwenye tovuti itafute kwenye tanbihi.

Hapo ndipo pengo kubwa la chombo hiki linapojitokeza. Kanuni ya mkusanyo ni nyaraka za Joseph: alizoandika, alizoagiza, alizopokea, zilizotoka kwenye ofisi yake. Ndoa za siri hazikuandikwa ofisini. Ushahidi mwingi wa wake zake ni viapo vilivyokusanywa na Joseph F. Smith, mtoto wa kaka yake Joseph, kuanzia 1869, na ushahidi wa mahakamani wa 1892 katika kesi ya Temple Lot, iliyohusu kiwanja cha hekalu huko Missouri. Vyote ni vya baada ya kifo chake, kwa hiyo havikustahili juzuu. Hata shajara za Nauvoo za William Clayton, karani aliyeandika mambo ya ndani kuliko wote, utazionja kwenye tanbihi tu. Mtu akitafuta jina la mwanamke fulani, asipate kitu, akahitimisha kwamba ndoa haikuwepo, amekosea njia. Kutokuwepo kwa jina kwenye mkusanyo huu hakuthibitishi lolote. Kanisa lenyewe, katika makala yake ya Oktoba 2014, limetaja makadirio ya wake kati ya 30 na 40, na limekiri kwamba Helen Mar Kimball aliunganishwa na Joseph miezi kadhaa kabla ya kutimiza miaka 15.

Kosa la pili ni lile tulilolianza nalo. Juzuu za historia, A-1 hadi F-1, zimeandikwa kana kwamba Joseph anasimulia, ila alipouawa tarehe 27 Juni 1844 makarani walikuwa wamefika matukio ya Agosti 1838 tu. Yaliyobaki waliyakusanya wao na kuyamaliza 1856. Kanuni yetu ni nyepesi: ukiona nukuu ya Joseph kutoka historia kwa jambo la baada ya Agosti 1838, usiitumie mpaka umeitafuta kwenye shajara ya siku hiyo. Isipopatikana, iite maneno ya historia, usiyaite maneno ya Joseph.

Kisanduku cha utafutaji kinasumbua. Makarani wa karne ya 19 hawakuwa na tahajia moja, na neno moja laweza kuandikwa kwa namna tatu ndani ya ukurasa mmoja. Ukikosa, tafuta kwa tarehe badala ya neno, au ingia kwenye ukurasa wa wasifu wa mtu ufuate viungo. Picha kubwa hula bando. Unaposoma kwa simu funga picha, soma nakala, na ufungue picha pale tu penye neno lililofutwa au kuchomekwa. Nyaraka zote ni za Kiingereza cha wakati ule. Msomaji wa Kiswahili anaweza kuanza na Mafundisho na Maagano, sehemu ya 132, inayohusu ndoa ya wake wengi, aliyonayo kwa lugha yake, kisha alinganishe na ufunuo wa tarehe 12 Julai 1843 kwenye tovuti. Maelezo ya chanzo yatamwonyesha kwamba ule ulioandikwa na Clayton ulichomwa, na tuliobaki nao ni nakala ya Joseph C. Kingsbury.

Utangulizi wa kihistoria ndio unaohitaji tahadhari. Wahariri ni wanahistoria makini, na hatujakuta mahali walipoficha ukweli wa karatasi. Lakini mshahara wanalipwa na kanisa, na lugha yao hupoa pale jambo linapochoma. Soma waraka kwanza, utangulizi baadaye.

Upande wa fedha, tafuta Kirtland Safety Society, taasisi iliyotoa noti mwaka 1837 bila kibali cha benki kutoka jimbo la Ohio. Ukiweka pamoja mkataba wa tarehe 2 Januari 1837, noti zenye sahihi ya Joseph, na kesi ambayo yeye na Sidney Rigdon, mshauri wake, walitozwa faini ya dola 1,000 kila mmoja, utaona kwa nini baadhi ya mitume walimgeuka mwaka huo. Nyaraka za kesi zimepangwa vizuri kuliko sehemu nyingine yoyote ya tovuti. Humo pia utafuata shtaka la Mei 1844 ambapo William Law, aliyekuwa mshauri katika Urais wa Kwanza, uongozi wa juu wa kanisa, alimshtaki Joseph kwa kuishi na Maria Lawrence, kisha gazeti la wapinzani wake, Nauvoo Expositor, la tarehe 7 Juni, kisha mjadala wa halmashauri ya mji uliomalizika kwa amri ya kuliharibu gazeti hilo tarehe 10.

Mkusanyo unaishia na kifo cha Joseph. Anayetafuta mitume John W. Taylor na Matthias Cowley, walioadhibiwa 1911 kwa sababu ya ndoa za wake wengi, au Richard R. Lyman, aliyetengwa Novemba 1943 kwa kuvunja sheria ya usafi wa kimwili, hatapata kitu hapa. Kwa kipindi cha mwanzo wa karne ya 20, chukua juzuu nne za kikao cha Seneti ya Marekani juu ya Reed Smoot, mtume wa kanisa aliyechaguliwa kuwa seneta, 1904 hadi 1907, ambazo ni mali ya umma. Anzia Machi 1904, Joseph F. Smith, rais wa kanisa wakati huo, anapohojiwa chini ya kiapo na kukiri kwamba tangu tangazo la 1890 la kusitisha ndoa hizo ameendelea kuishi na wake zake watano, nao wamemzalia watoto 11.