Poka ya mtandaoni: meza nzuri, leseni ya mashaka
Mchezo wenyewe kwenye tovuti hii ya poka hauna kasoro: meza zinafunguka haraka na karata zinasomeka vizuri hata kwenye simu. Kinachonikera ni leseni. Chini kabisa ya ukurasa wameweka nembo ya mamlaka ya michezo ya kubahatisha ya Malta, lakini ukiibonyeza haikupeleki popote. Nembo halali hufungua rejista yenye jina la kampuni. Kutoa pesa nako ni kuzungushwa tu. Jamani, msilichukulie hili kirahisi! Aprili 2011 Marekani ilikamata anwani za mtandaoni za tovuti za poka za PokerStars na Full Tilt Poker. Wachezaji wa Full Tilt huko walisubiri hela zao hadi 2014. Na leseni ya Malta, hata ikiwa ya kweli, haihalalishi mchezo kila nchi. Nawapa nyota mbili.