Uchambuzi: Kurd Laßwitz, Mwalimu wa Gotha na Watu Wake wa Mirihi

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Leo sina simu wala spika. Nina kitabu. Ngoja nikisogeze karibu na kamera mkione: ni tafsiri ya Kiingereza ya 1971 ya riwaya ya Kijerumani inayoitwa *Auf zwei Planeten*, yaani "Kwenye Sayari Mbili". Ilitoka mwaka 1897, na mwandishi wake ni Kurd Laßwitz.

Jamaa huyu alizaliwa Breslau mwaka 1848. Siku hizi mji huo uko Poland na unaitwa Wrocław. Alisomea hisabati na fizikia, na shahada yake ya udaktari, mwaka 1873, ilihusu matone ya maji yanavyoning'inia kwenye kitu kigumu. Tone tu! Linashikiliwa na nini, na uzito wake unalivuta vipi. Kumbukeni hilo tone, nitalirudia. Alitamani uprofesa wa chuo kikuu, hakuupata. Kuanzia 1876 akafundisha sekondari pale Gotha, mji wa Ujerumani, na huko ndiko alikoandikia vitabu vyake mpaka alipofariki mwaka 1910.

Sasa tuingie kwenye riwaya. Wajerumani watatu wanapaa kwa puto kwenda Ncha ya Kaskazini. Wanapofika wanachungulia chini, wanakuta ramani kubwa ajabu ya nusu ya kaskazini ya dunia imechorwa ardhini. Nani kaichora? Kabla hawajapata jibu, puto linaanza kuvutwa juu. Kumbe watu wa Mirihi wameshajenga kituo chao pale, na kingine kinaelea juu ya ncha, zaidi ya kilomita 6,000 kutoka ardhini.

Hapa ndipo nilipomvulia kofia. Setilaiti zinazotuletea televisheni zinaonekana zimesimama mahali pamoja kwa sababu ziko juu ya ikweta, kama kilomita 36,000, zikizunguka sambamba na dunia. Juu ya ncha huwezi kufanya hivyo. Chombo kisichozunguka kitaanguka. Laßwitz alilijua hilo. Kwa hiyo hakukiacha kituo kielee kimiujiza, alikitafutia kitu cha kukishikilia: uga, yaani eneo lenye nguvu isiyoonekana, unaoshinda mvutano wa dunia na kuendeshwa kwa nishati ya jua. Lile swali la tone, limening'inizwaje na kwa nini halianguki, limerudi angani likiwa kubwa kama kituo kizima. Uga huo wenyewe ni wa kubuni, na mpaka leo hakuna aliyeutengeneza. Lakini swali ameliuliza, na hakulikwepa.

Tazameni na hili. Mvutano wa Mirihi ni kama asilimia 38 ya wetu. Mgeni kutoka kule akitua hapa, ni sawa na mtu wa kilo 60 aliyebebeshwa mwili wa kilo 158. Ndiyo maana wenyeji wa kituo wanatembea kwa taabu wakiwa nje, na ndani wamepunguza mvutano. Kuna chumba chenye mstari sakafuni: upande huu uzito wa dunia, upande ule uzito wa Mirihi. Mgeni na mwenyeji wanazungumza, kila mmoja upande wake. Nilikisoma kipande hicho mara tatu, na sijaona namna nzuri zaidi ya kumfundisha mtoto maana ya uzito.

Halafu hadithi inageuka. Watu wa Mirihi wana elimu kubwa na nia njema, wanaamini wametuletea ustaarabu. Wanagombana na Waingereza, wanalipiga jeshi lao la majini, na mwishowe Ulaya inawekwa chini ya ulinzi wao, watu wazima wanapelekwa shule wakaelimishwe kwa lazima. Jamani, angalieni mwaka: 1897! Wakati huo Ujerumani inatawala Tanganyika, na Mkwawa bado yuko vitani kule Uhehe; alikufa mwaka uliofuata. Msomaji wa Berlin anafungua riwaya anajikuta yeye ndiye mwenye kutawaliwa, tena na mtawala anayesema "ni kwa faida yako". Kwangu mimi sura hizo ndizo zinazokipa kitabu uzito, kuliko mitambo yote.

Kasoro? Ipo, na ni kubwa: tafsiri hii imepunguzwa sana. Ukijua Kijerumani, soma matini kamili. Haki za uchapishaji zilishakwisha, inapatikana bure mtandaoni. Na mifereji ya Mirihi iliyomo ni imani ya enzi hizo, haipo. Mazungumzo ya mapenzi nayo yanajivuta, niliruka kurasa kadhaa.

Kama riwaya nzima inakutisha, anza na hadithi yake fupi ya 1904, *Die Universalbibliothek*. Profesa ameketi nyumbani na wageni wake, wanapiga hesabu: tukichapa kila kitabu kinachowezekana, chenye herufi na alama milioni 1, kwa kutumia alama 100 tu, tutapata vitabu vingapi? Jibu ni 1 ikifuatiwa na sifuri milioni 2. Humo mna kila ukweli na kila uongo, na huwezi kutambua kipi ni kipi.

Wernher von Braun, mhandisi wa roketi iliyowapeleka watu mwezini, aliisoma riwaya hii akiwa kijana, na neno lake la mwisho limo kwenye tafsiri hii ninayoishika. Na tangu miaka ya 1980 kuna tuzo ya bunilizi za sayansi Ujerumani yenye jina la mwalimu huyu.

Mimi nampa nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa ajili ya kurasa zilizopunguzwa, na kosa hilo si la Laßwitz mwenyewe.