Priamp ya valvu kama boksi la DI: ipi ununue ukiwa Dodoma

Mvua ikianza kupiga bati, kurekodi gitaa kwa maiki ni kujichosha. Kiangazi nacho kina upepo wake, na bodaboda hazina msimu. Ndiyo maana wengi wetu tunaorekodi kwaya na bendi nyumbani tunachomeka besi moja kwa moja kwenye mitambo: waya hausikii mvua.

Vijana wa kwaya huniuliza mara kwa mara, "Kaka, hii priamp ya valvu ya bei ndogo inaweza kufanya kazi ya boksi la DI?" Priamp ni kifaa cha kukuza sauti dhaifu ya maiki au gitaa kabla ya kurekodi, valvu ni ile chupa ndogo ya glasi inayokuza sauti ndani yake, na boksi la DI ni kisanduku cha kuunganisha gitaa na mitambo. Basi, inaweza. Kwa anayerekodi nyumbani mimi naiweka namba moja, ila sababu yangu si valvu. Sababu ni tundu la gitaa lililo kwenye mashine hiyo.

Pikapu ya gitaa, kile kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi, ni dhaifu, haipendi kuvutwa. Tundu la maiki kwenye mikisa lina ukinzani, yaani uwezo wa kuzuia umeme usivutwe, wa kiloomu 2 hivi, la laini kiloomu 10 na kuendelea. Ukichomeka besi humo, sauti inafika imefifia, ule mguso wa ncha ya kidole kwenye uzi umepotea. Gitaa linataka tundu lenye ukinzani mkubwa, karibu megaomu 1, yaani kiloomu 1,000. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya boksi la DI. Kazi ya pili ni kutoa sauti kwa waya wa XLR, ule wa maiki wenye pini tatu, ili isafiri mbali bila kuokota mvumo njiani.

Kwa sisi wa huku kuna jambo jingine, nalo ni ilimba, ala ya Wagogo yenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Nimewahi kumrekodi mzee mmoja wa Kigogo akiwa na ilimba yake, nikabandika pikapu ya piezo, kile kisahani chembamba cha shaba, chini ya ubao. Nilipoichomeka kwenye tundu la laini, zile chuma ndefu za katikati zilikufa kabisa, ikabaki sauti nyembamba ya kugonga kopo. Piezo ikikutana na ukinzani mdogo hupoteza sauti za chini, kinyume cha pikapu ya gitaa inayopoteza sauti za juu. Nikahamisha waya uleule kwenye tundu la gitaa la priamp, ilimba ikarudi na kifua chake. Mzee akainua kichwa, akasema, "Haya, sasa ndiyo yenyewe." Kwa hiyo ukiuliza bei, uliza na ukinzani wa tundu la gitaa. Umeandikwa kwenye kijitabu cha mashine. Kwa ilimba au zeze lenye piezo, usikubali chini ya megaomu 1.

Kabla hujatoa hela, tazama saundikadi uliyonayo, kile kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta. Kama ina swichi iliyoandikwa Inst, kama zilivyo Focusrite Scarlett, tayari una tundu la gitaa. Rekodi nayo mwezi mzima kwanza. Hela hiyo nunua nyuzi mpya za besi; utasikia tofauti kubwa kuliko ya boksi lolote.

Namba 1: ART Tube MP

Ni kisanduku cha chuma chenye valvu moja ya 12AX7, na Marekani kinauzwa chini ya dola 100. Behringer MIC100 ni ndugu yake wa karibu, ukiipata kwa bei nzuri ichukue. Tube MP nimeiweka juu kwa sababu leo inabeba besi, kesho inabeba maiki ya mwimbaji, ina fantomu ya volti 48 (umeme unaopelekwa kwenye maiki kupitia waya wake), na ina swichi ya kugeuza fezi, yaani kupindua wimbi la sauti. Swichi hiyo watu wengi hawaigusi. Ukirekodi ilimba kwa piezo na maiki kwa pamoja, ibonyeze huku unasikiliza: upande mmoja sauti itajaa, mwingine itakonda. Chagua iliyojaa.

Kuhusu "joto la valvu", usitegemee makubwa. Kwenye amplifaya za gitaa valvu kama hii hupewa volti mia mbili na zaidi. Kwenye mashine hizi za bei ndogo hupewa umeme mdogo sana. Inaongeza ukwaruzo laini kidogo unapoisukuma, basi. Mwanga wa rangi ya machungwa unaouona kwenye baadhi ya mashine ni taa ndogo iliyowekwa nyuma ya valvu. Na usimsikilize anayekwambia ununue valvu ya bei ghali ukaibadilishe.

Namna ya kuitumia: ongeza volyumu ya kuingiza taratibu mpaka besi ianze kunenepa, kisha shusha ya kutoa ili saundikadi isizidiwe. Ukizidisha ya kuingiza utasikia mlio wa "shhh" kama wa redio isiyokamata stesheni. Kutoka priamp kwenda saundikadi, tumia waya mfupi wa jeki kwenye tundu la laini, Inst ikiwa imezimwa. Kwenye saundikadi nyingi, ukitumia XLR unapita kwenye priamp ya pili bila sababu. Na kama ni lazima XLR, zima fantomu ya upande wa kupokea kwanza.

Sasa adapta, maana hapa ndipo hela za watu zinapopotelea. Tube MP inatumia volti 9 za AC. Si DC. Adapta nyingi utakazoonyeshwa madukani ni za DC. Mimi niliuziwa moja, nikaambiwa "volti ni zilezile, bosi". Taa iliwaka, sauti haikutoka, nikapoteza wiki nzima nikitafuta ubovu usiokuwepo. Geuza adapta usome upande wa kutoa: ukiona kimstari cha wimbi baada ya V, hiyo ni AC, ukiona mstari mnyoofu wenye vidoti chini yake, irudishe. Kama mashine imeletwa na ndugu kutoka Marekani, soma na upande wa kuingiza. Ikiandikwa 120V pekee, umeme wetu wa volti 230 utaiunguza siku hiyohiyo. Fundi redio mzuri anaweza kukufungia transfoma ya 230 kwenda 9 ndani ya boksi.

Namba 2: boksi la DI la aktivu (linalotumia umeme)

Kwa kanisani hili linapanda kuwa la kwanza. Behringer DI100 inakula betri ya volti 9 au fantomu ya mikisa, kwa hiyo hakuna adapta ya kutafuta, na ina swichi ya kukata athi (waya wa ardhi). Besi ikivuma mvumo mzito wa umeme, swichi hiyo mara nyingi huumaliza. Priamp za valvu za bei ndogo kwa kawaida hazina. Radial J48 ni bora zaidi, lakini ni zaidi ya dola 200, na kwaya inayochangishana ina mahitaji mengine.

Namba 3: la pasivu

Halina umeme, halina cha kuharibika zaidi ya transfoma. Ni zuri kwa kinanda na besi yenye betri. Kwa ilimba ya piezo, hapana. Ukinzani wake kwa kawaida ni kiloomu mia na kitu tu.

Vile visanduku visivyo na jina vilivyoandikwa "Tube" bila kijitabu sivipangi. Huwezi kujua ukinzani wake.

Ukiagiza Kariakoo, muuzaji akurekodie video mashine ikiwa imechomekwa na adapta yake mwenyewe, uione ikipitisha sauti. Ukinunua iliyotumika hapa mjini, nenda na gitaa lako na hedifoni. Iache iwake dakika kumi, kisha zungusha volyumu zote mbili polepole toka mwanzo hadi mwisho. Ikikwaruza, ni vumbi letu limeingia. Dawa ya kupuliza ya kusafisha volyumu huitoa, ila omba punguzo kwanza. Halafu gonga boksi taratibu kwa kucha. Ukisikia mlio kama wa glasi kwenye hedifoni, valvu imechoka, na bei ya valvu nyingine ijumlishe kabla hujakubaliana.