Mzinga uliochomwa pini kabla sijalipa: mfugaji wa njia ya Usagara

Hii ni kwa wale mnaotafuta mizinga yenye nyuki tayari huku Mwanza. Nyuki wa huyu mfugaji nimekaa nao miezi mitano ndo naandika, sikutaka kusifia kitu cha wiki moja.

Mzinga wangu wa kwanza nilichukua kwa muuzaji mwingine, simtaji. Nilimuuliza habari za magonjwa akasema nyuki wa Afrika hawaugui we chukua tu. Wiki ya sita nafungua nakuta viwavi wa nondo wametanda utando masega yote, majana (watoto wa nyuki) yamefia ndani na hakuna nyuki aliyeyatoa, siku chache baadae kundi zima likahama. Niliumia aisee, hela inauma lakini na nyuki unakua umeshawazoea.

Huyu mzee wa njia ya Usagara hakuniuzia siku ileile. Akaniambia, "Mwanangu, leo jioni uone, kesho saa hizihizi urudi uhesabu mwenyewe, ukiridhika ndo utoe hela." Tukavaa, akapuliza moshi kidogo, akatoa sega lenye majana yaliyofunikwa, akatafuta sehemu ambayo macho ya majana yameanza kua ya pinki, akachoma vijumba 50 kimoja kimoja kwa pini nyembamba kisha akalipiga picha. Kesho yake tumehesabu pamoja: 47 vitupu vimefagiliwa vinang'aa, viwili vina tundu kwenye kifuniko ila jana bado limo, kimoja hakijaguswa. Nilimuona nyuki anaburuta jana jeupe mpaka mlangoni, akaruka nalo likamlemea akaanguka kwenye nyasi, akainuka akalivuta tena.

Hapo ndo nilielewa ninachonunua. Nyuki vibarua wenye tabia hii ya usafi wananusa jana linaloumwa likiwa bado limefunikwa, wanatoboa wanalitupa nje kabla ugonjwa haujaenea. Kwenye ule ugonjwa wa bakteria unaoozesha majana wakichelewa jana linakauka linakua gamba, na mbegu za bakteria humo zinadumu miongo kadhaa. Utitiri wa Varroa, kile kidudu kinachowanyonya nyuki na majana, nao unazaliana chini ya kifuniko, kijumba kikifunguliwa na jana likatolewa uzazi wake unakatika. Na vile vijumba viwili vyenye tundu mzee hakuvificha, alisema kufungua ni kazi moja na kutoa ni kazi nyingine, kundi linaweza kujua moja tu. Nilivyorudi nyumbani nikasoma kwamba Rothenbuhler, mtafiti wa nyuki wa Marekani, aliandika hayohayo mwaka 1964, kwamba tabia hizo mbili zinarithiwa kila moja kivyake.

Tena alikua mkweli kwamba pini ni kipimo chepesi, maana jana likichomwa maji yake yanavuja na harufu inawaita nyuki haraka, wenye maabara wanagandisha majana kwa naitrojeni ya maji yenye baridi kali ndo wanapima. Akanionya pia malkia akibadilika nipime upya, kwa sababu binti yake anapandana angani na madume wengi wa mizinga mingine na huwezi kumchagulia.

Sasa yaliyoniudhi. Bei ni 190,000 pamoja na mzinga wa mbao, hiyo sikulalamika, ila usafiri hakuutaja mpaka tunapakia, nikaongeza 35,000 ya kirikuu mpaka Kisesa. Walisema saa moja usiku wakafika saa nne, na wavu wa mlangoni ulikua umefungwa vibaya, nyuki wakatoka njiani dereva kadungwa mara tatu. Usiku ule na majirani wana watoto! Hili mzee alirekebishe kabisa, kuziba mlango ni kazi ya dakika mbili. Risiti pia hakuna, anaandika kwenye daftari tu.

Lakini nyuki wenyewe siwasemi vibaya. Wiki iliyopita nimefungua jioni, masega ya majana yamefunikwa vizuri bila mashimomashimo, kuna mende wa mzinga wawili watatu wamesukumiwa kwenye kona na nyuki wamewazingira hawawaachii kupita, utando wa nondo hamna. Nampa nyota nne, hiyo ya tano imebaki kwenye ule wavu. Jumamosi naenda kuchukua mzinga wa pili kwake, nimeshampigia kwamba asiuchome pini mpaka nifike.