Kobo, Kindle au Boox: kisomeo kipi cha vitabu hakitakuchosha kwa kuganda?

Hivi ni vifaa vya kusomea vitabu vya kidijitali, na kioo chake cha wino wa kielektroniki hakiendi mbio kama cha simu, hata ulipe milioni. Ndani yake chembe nyeusi na nyeupe zinasukumwa na umeme mpaka zitulie mahali pake, na mara kwa mara kioo kizima kinapepesa cheusi ili kujifuta. Hiyo ni kawaida. Kugusa neno ukasubiri sekunde tano, huo ndio ubovu.

Namba moja kwa msomaji wa riwaya ni Kobo Clara BW ya 2024: inchi 6, GB 16, na inapokea EPUB (aina ya faili la kitabu) moja kwa moja kwa waya, bando lako haliguswi.

Ya pili, Kindle Paperwhite ya 2021, inchi 6.8, chaji ya Type-C. EPUB ya kwenye waya haiifungui. Igeuze kwanza iwe AZW3, aina ya faili la Kindle, kwa programu ya kompyuta ya Calibre. Zote mbili hazisumbuliwi na maji ya ziwa yakiruka kwenye kivuko cha Nansio.

Mwanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT mwenye PDF za skani aruke hizo, aende Boox Go 10.3. Kwenye skani kila ukurasa ni picha nzima, na kifaa chenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ndogo huichora upya kila ukikuza. Hapo ndipo kinaganda. Boox hii ina RAM ya GB 4 na inchi 10.3, karatasi ya A4 inasomeka bila kukuza sana. Ila haina taa. Umeme ukikatika, tafuta tochi.

Mkiani ni Kindle ya 2016, GB 4, micro USB, herufi hafifu. Bei nafuu, riwaya tu.

Ukinunua used, iwe Makoroboi au Mlango Mmoja hapa Mwanza, usilipe kabla ya kugeuza kurasa 20 mfululizo ukitazama mistari na vivuli vya herufi zilizopita. Akaunti ya mwenyewe wa zamani iondolewe mbele yako.

Ukifika nyumbani usimwage vitabu 500 kwa mpigo: kifaa hukisoma kila kimoja ili kipange maneno yake, kikawa kizito na chaji ikaisha. Weka 20, kiache kwenye chaja usiku. Kindle ikiganda, shika kitufe cha kuwashia sekunde 40. Kwenye za zamani, tafuta neno lisilokuwepo, mfano xqzt. Itakuonyesha vitabu ambavyo haijamaliza kuvipanga. Kitabu kilekile kikibaki hapo siku mbili, faili limeharibika, lifute.